Mara Nne, Kisha Kimya

Saa mbili asubuhi, Tandahimba, mizani imenyamaza.
Magunia yamefika tangu alfajiri,
yamepanga foleni kabla ya wenyewe,
na mimi, karani, nina kalamu sikioni
na skrini nyeusi inayonitazama kama deni.

Nyuma ya mizani, ndani ya kopo la siagi,
imekaa bodi isiyozidi kadi ya benki.
Ndiyo kompyuta. Ndiyo inayokumbuka
nani kaleta kilo ngapi, daraja gani.
Leo haikumbuki hata jina lake.

Taa nyekundu inawaka: umeme upo.
Ya kijani, ile inayopepesa ikisoma, imekufa.
Nimechomoa, nimechomeka.
Nimechomoa, nimehesabu hadi kumi, nimechomeka.
Nimeipiga kofi dogo, la kirafiki.
Katibu akasema, "Isomee dua."
Nikampigia Somoe.

Somoe Likwata, binti wa muuza vitenge,
kaja na begi la shule lililokufa zipu.
Alianza na waya. "Huu wa nani?"
Wa simu yangu, nikasema,
ule wenyewe umeliwa na panya.
Akauvuta kati ya vidole kama fundi apimaye uzi.
"Mwembamba. Simu huvumilia, hii haivumilii.
Unamnywesha mtoto uji kwa tundu la sindano."
Akatoa wake, mnene. Tukachomeka.
Nyekundu. Kijani bado.
Nje mtu akauliza tunapima leo au mwakani.

Ikaja zamu ya kadi.
Akaichomoa kwa ukucha, kitu kidogo
ambacho ukikidondosha kwenye korosho
umepoteza msimu mzima,
akainusa. Kweli, aliinusa.
"Mafuta ya maganda. Nani kaishika?"
Nikavificha vidole vyangu vyeusi,
vya kubangulia usiku na mama watoto.

Akaomba ufutio. Ghala zima halina ufutio;
sisi hapa tunakata kwa mstari, hatufuti.
Mtoto mmoja aliyemsindikiza bibi yake
akatoa wake mfukoni, umetafunwa pembe.
Somoe akayasugua yale meno ya dhahabu
upande mmoja tu, polepole,
kama anayemsafisha mwana sikio.

Tukachomeka. Kijani ikapepesa!
Moja, mbili, tatu, nne. Kimya.
Moja, mbili, tatu, nne. Kimya.
Nikaruka kwa furaha. Yeye akanyanyua mkono.
"Haijaamka. Inasema.
Mara nne maana yake: kadi nimeiona,
nimeingia, nimepapasa gizani,
faili la kuniamsha silioni."
Tangu asubuhi mimi nilitaka iwake.
Haikunijia kwamba ningeweza kuiuliza.

Akaitia kadi kwenye kompyuta yake ya mapajani,
yenye ufa toka pembe hadi pembe, akanionyesha:
kilo zote zipo, mstari kwa mstari,
mpaka jana magharibi, umeme ulipokatika
katikati ya gunia la Mchopa.
Kilichoharibika ni kipande cha mlangoni tu.
Akakinakili upya kutoka kadi yake nyingine.
Dakika sita. Najua ni sita,
maana foleni ilizihesabu kwa sauti.

Tukachomeka. Kijani ikapepesa ovyo, bila hesabu,
kama mtu asomaye barua kwa pupa.
Maandishi yakamiminika,
na juu, pembeni mwa skrini, tarehe:
mosi Januari, elfu moja mia tisa sabini.

"Haina saa yake," Somoe akasema, anafunga begi.
"Ikizimwa hurudi mwanzo wa dunia.
Iambie leo ni lini."
Nikaiambia. Lakini kwanza nilisoma kwa sauti,
na Bi Mwanahawa Mchopa, wa mbele kabisa,
na gunia lake lile lile la jana,
akacheka hadi akalishika gunia asianguke:
"Sabini! Basi mikorosho yangu haijapandwa,
na magoti yangu bado mazima.
Pima upesi, mwanangu, kabla haijagundua."

Kilo themanini na moja.
Nikaandika na daftarini.